Kuifuata Ikarus mpaka Budapest: safari na mjomba aliyeendesha kumbakumba

Alhamisi

Treni imetoka Vienna asubuhi na mpaka stesheni ya Keleti pale Budapest ni kama masaa mawili na dakika arobaini hivi. Nipo na mjomba, kaka yake mama, amekaa dirishani na koti lake kubwa hataki kulivua, anasema baridi ya huku haina hodi, inaingia tu. Mjomba aliendesha mabasi ya UDA, shirika la usafiri wa mjini, pale Dar miaka ya 80 na kati ya hayo alishika Ikarus kumbakumba, zile ndefu za kuunganishwa katikati. Sa hivi amekuja kumsalimia binti yake Vienna, na mi nilivyoangalia ramani nikaona kutoka hapa mpaka Hungaria, nchi ilikotengenezwa Ikarus, ni asubuhi moja tu ya treni, nikampigia nikamwambia shikamoo mjomba, jiandae kuna sehemu nataka tukaione. Hakuuliza wapi. Nilipomtajia Ikarus kwenye simu akanyamaza kidogo afu akasema "zipo bado?"

Kwa nyie mliozaliwa mkakuta daladala za Hiace na DCM ngoja niwaeleze kidogo. Dar kulikuwa na kampuni inaitwa DMT, ilianza 1949, ndo ilikuwa inabeba watu mjini. Mwaka 1974 ikagawanywa, KAMATA ikachukua mabasi ya kwenda mikoani na UDA ikabaki na ya mjini. UDA ilikuwa na mabasi ya aina kadhaa ila lililokaa vichwani mwa watu ni hili la Kihangari, na hasa Ikarus 280, mita 16 na nusu, milango minne, katikati mpira unaokunja. Mimi nilipanda nikiwa mdogo nimeshikwa mkono na mama na kitu nachokumbuka vizuri kuliko vyote ni ile sahani ya chuma pale kwenye maungio, sakafu ya duara inayozunguka basi likikata kona, vijana wote walikuwa wanagombania kusimama pale na mama alikuwa hataki hata nisogee.

Treni ikasimama Győr dakika chache. Nikamwonesha mjomba kibao cha stesheni nikamwambia mji huu ndo wenye kiwanda cha Rába, walichukua leseni ya MAN ya Ujerumani wakawa wanaunda injini za dizeli na nyingi ndo zilifungwa kwenye Ikarus. Silinda sita, lita kumi na kitu, nguvu farasi 192, imelazwa ubavu chini ya sakafu. Mjomba akasogeza uso mpaka kwenye kioo. "Rába nalijua hilo jina, liko kwenye chuma, nimelipangusa na tambara siku nyingi sana." Akaendelea kutazama nje hata baada ya stesheni kuisha, mashamba tu, hakuna cha kuona, ila yeye anatazama.

Tumefika Keleti mchana. Stesheni yenyewe nzuri ila mjomba hakuwa na habari nayo, alitoka nje moja kwa moja kwenda kusimama kituo cha basi. Zinapita Mercedes, Volvo, MAN, zote za kisasa, sakafu iko chini, za bluu. Hakuna Ikarus hata moja, na nilishamwambia, maana Ikarus 280 za mwisho zilimaliza kazi ya kawaida hapa Budapest Novemba 2022. Yaani fikirieni hiyo tarehe. Basi ambalo Dar tunalihadithia kama la enzi za wazee wetu, huku watu walikuwa wanaenda nalo kazini mpaka juzi juzi.

Tumekata tiketi za masaa 72, tumekula supu yao nyekundu ya nyama, mjomba kaikubali, tumelala mapema.

Ijumaa

Leo ndo siku niliyokuwa naingojea mimi, maana kesho ni ya mjomba zaidi. Tumeenda Mátyásföld kilipokuwa kiwanda.

Unachukua metro ya M2 mpaka mwisho, Örs vezér tere, pale unabadilisha unapanda treni za kijani wanaziita HÉV, ya H8 inayoelekea Gödöllő, unashuka Mátyásföld. Mtaa umetulia, nyumba zina bustani, miti mingi, huwezi kudhani kama hapa palikuwa panatoka mabasi ya kujaza dunia. Historia yake inaanzia kwa fundi wa magari ya farasi, Imre Uhri, alifungua karakana yake mwaka 1895, baadae familia ikaingia kwenye bodi za mabasi, vita ikapita, serikali ikataifisha, na mwaka 1949 likazaliwa shirika lenye jina Ikarus. Kwenye ule umoja wa kiuchumi wa nchi za kijamaa kila nchi ilipewa kazi yake na Hungaria ndo ikawa ya mabasi. Kwa hiyo soko lilikuwepo tayari, Urusi ya wakati ule pekee ilikuwa inanunua maelfu kwa maelfu, Ujerumani Mashariki nao, na miaka ya 80 kiwanda hiki na mwenzake wa Székesfehérvár vilikuwa vinatoa zaidi ya mabasi 10,000 kwa mwaka. Ikarus 260, lile fupi, yalitengenezwa zaidi ya 72,000. Ikarus 280 karibu 61,000, tangu 1973 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mpaka Marekani walinunua ya kuunganisha, mji wa Portland huko Oregon walikuwa nayo. Sasa kati ya hayo yote machache yakapakiwa melini yakaja kushushwa bandarini kwetu, usukani kulia, milango kushoto.

Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991 mnunuzi mkubwa akapotea mara moja, na kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya maelfu hakiwezi kuishi kwa mamia. Leo geti lipo, majengo marefu yapo, ila ndani ni maghala na makampuni madogo madogo yamepanga. Mlinzi ametukatalia kuingia, kwa heshima tu, tukasimama nje.

Mjomba hakuwa na haja ya majengo. Anaangalia barabara. Anaangalia upana wa geti, anaangalia kona ya kutokea, afu akaniuliza "sasa lile refu lilikuwa linatokaje hapa?" Akaanza kupiga hesabu kwa mkono pale pale, kichwa kinakaa huku, mpira unafika hapa, mkia unafagia kule. Akaridhika kwamba inawezekana.

Tukiwa pale amepita bibi mmoja na mbwa wake, umri kama wa mjomba au zaidi, akatuona tunavyoshangaa geti akasalimia. Mi Kihangari sijui ila Kijerumani kipo cha kuombea maji, na yeye kidogo kinapanda, nikamwambia huyu mzee ni dereva wa Ikarus kutoka Tanzania. Bibi akasimama. Kumbe amefanya kazi humo ndani miaka mingi, sehemu ya viti, alikuwa anashona vile vifuniko vya skai, ile ngozi ya bandia. Nikamtafsiria mjomba. Mjomba akauliza "vile vya kahawia?" Bibi akasema kahawia, nyekundu, na kijani pia, inategemea oda. Mjomba akaniambia mwambie saa nane mchana Dar, basi limepaki kituoni juani, mama amevaa gauni fupi akikalia kile kiti anaruka juu kama amekalia jiko. Bibi alicheka mpaka mbwa akaanza kubweka. Akasema kule kiwandani walikuwa wanaambiwa wafikirie theluji ya Siberia, nyuzi zisikatike kwenye baridi kali, jua hakuna aliyewahi kuwatajia.

Tumeongea kama nusu saa tumesimama tu barabarani. Nilimuuliza kama walikuwa wanajua mabasi yanaenda wapi, akasema karatasi ya oda ilikuwa inabandikwa, ukiona usukani uko upande mwingine unajua hii inaenda mbali. Kuna neno alilisema wakati wa kuagana nikashindwa kumtafsiria mjomba vizuri, maana yake ni kama "nimefurahi vilikaliwa". Yaani viti vyake. Mjomba akampa mkono wa mikono miwili kabisa, kama unavyompa mkono mtu msibani au harusini.

Jioni miguu imechoka. Mjomba ameongea na binti yake kwenye simu saa nzima na yote ni habari za skai.

Jumamosi

Jamani. Hii siku naomba niiandike taratibu.

Wahangari hawakuyatupa yote. Shirika lao la usafiri wa mjini, BKV, limetunza magari ya zamani yanayotembea, siyo ya kuwekwa nyuma ya kamba tu, na kuna siku maalumu za wikiendi wanayatoa barabarani yanabeba watu. Ndo maana nilipanga safari iangukie hapa. Tumefika kituoni asubuhi na tayari watu wamejaa, wazee kwa watoto, kamera kila kona, kuna vijana wanayajua mabasi kwa namba zao za usajili, zile za BPO na BPI, wanakwambia hili lilikuwa njia ya 7 mwaka fulani, lilipata ajali mwaka fulani, likabadilishwa milango. Vijana wa miaka kumi na tisa! Nilijisikia nyumbani.

Kwanza ikaja Ikarus 66, babu yao, ya miaka ya 50 na 60, injini ipo nyuma imevimba kama kigongo. Nzuri sana kwa macho. Mjomba akaitazama kwa adabu, siyo yake hiyo.

Afu tukaisikia kabla ya kuiona. Mlio wa ile Rába sijui niuelezeje kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia, una ngurumo ya chini inayopandia miguuni na juu yake kuna mluzi mwembamba, na linapopunguza mwendo unasikia upepo wa breki unatoka, tssss, mara mbili. Mjomba alikuwa anaongea akaacha katikati ya neno. Ikarus 280 ya bluu ikakata kona ikaingia kituoni, kichwa kwanza, mpira ukajikunja ukafunguka, mkia ukafuata, milango yote minne ikafunguka kwa pamoja na ule mshindo wake.

Hakupanda. Watu wanapanda, yeye anatembea kandokando ya basi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, anagusa bodi kwa viganja, anainama kuangalia chini ya uvungu, alifika kwenye mpira akasimama akachungulia mikunjo, akanionesha kwa kidole ile sehemu ya juu ambako kwetu maji ya mvua yalikuwa yanaanzia kuingia. Dereva alikuwa anamtazama kwenye kioo. Nikaenda kumweleza kwa Kiingereza, akashuka, akaenda mwenyewe akamshika mjomba mkono akampeleka kukaa kiti cha mbele kabisa karibu naye.

Kilichomchanganya mjomba mwanzo ni upande. Huku wanaendesha kulia kwa hiyo usukani uko kushoto na milango iko kulia, alikaa anaangalia kila kitu kimegeuka. Ila dashibodi ile ile, usukani ule ule mkubwa umelala kama sinia, swichi za milango zipo mfululizo. Akaangalia chini akaona pedali mbili. "Hili la automatiki. Letu lilikuwa na klachi, na gia ndefu hivi, ukiingiza namba unasikia fimbo inaenda nyuma kabisa mpaka kwenye gia boksi, unaisubiri ikupokee, usiilazimishe." Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaingiza gia hewani wakati anaongea. Basi likaondoka.

Tumetembea upande wa Pest, tukavuka Danube, tukaanza kupanda vilima vya Buda. Nilienda kusimama kwenye sahani. Mtu mzima mimi, na nilifurahi waziwazi bila kujificha, kwenye kona sakafu inazunguka chini ya miguu, mguu mmoja uko na kichwa mwingine uko na mkia, mpira unafunguka upande huu unaona unajifinya upande ule, na vumbi la miaka lile lile na harufu ile ile ya dizeli na raba ya moto. Mtoto wa Kihangari wa miaka kama sita alikuwa pale na mama yake amemruhusu.

Nyuma kule kumetulia kuliko mbele, na hili mashabiki wote wa 280 wanalijua, maana injini iko kwenye nusu ya mbele chini ya sakafu na inazungusha ekseli ya katikati, ile nusu ya nyuma inavutwa tu. Mabasi marefu ya siku hizi mengi ni kinyume, injini iko nyuma kabisa inasukuma, na kwa sababu inasukuma lazima kuwe na mitambo pale kwenye maungio ya kuzuia basi lisijikunje lenyewe kwenye utelezi. Ikarus haikuhitaji hayo. Mjomba anasema pale Jangwani, Dar, ikinyesha mvua, tope limejaa lami, yeye alikuwa anapita na abiria mia na zaidi na mkia unafuata kama ng'ombe wa kuvutwa, na namwamini maana alipokuwa anasema hivyo dereva wa Kihangari, nilipomtafsiria, aligonga usukani kwa kiganja akisema ndiyo, ndiyo.

Mwisho wa njia tumeshuka na dereva akazima injini, ana dakika ishirini. Hapo ndo pakawa pazuri. Yeye amestaafu, anaendesha siku hizi za kumbukumbu tu. Akafungua kifuniko cha pembeni kuonesha tanki za upepo na mjomba akachuchumaa hapo hapo, akaweka kidole kwenye valvu ya chini akauliza "hii mlikuwa mnaifungua lini?" Nikatafsiri. Kila asubuhi, akasema yule. Mjomba akasema sisi asubuhi na jioni. Maana hewa ya Dar ina maji mengi, ikishindiliwa kwenye tanki maji yanabaki chini, usipoyatoa yanaingia kwenye breki na milango, chuma kinaoza kwa ndani. Yule mzee akasema kwao tatizo lilikuwa ni maji hayo hayo ila baridi ikija yanaganda, saa kumi alfajiri bomba limeziba barafu na basi haliondoki, wakawa wanatia spiriti kwenye mfumo ili yasigande. Mjomba akashangaa sana na hilo la spiriti, kalirudia mara kadhaa. Wazee wawili, mmoja anapigana na barafu mwingine anapigana na kutu, kwenye valvu moja. Nimewapiga picha wamechuchumaa hawana habari na mimi.

Tulirudi nalo. Mjomba safari hii hakukaa mbele, alienda kukaa siti ya nyuma kabisa. Nikamuuliza vipi mjomba, akasema "miaka yote ile sijawahi kukaa huku likiwa linatembea."

Jumapili

Leo tumepumzika. Asubuhi tumepanda metro ndogo ya M1, ya mwaka 1896, mabehewa mafupi ya njano, na tramu namba 2 inayopita kando ya mto, nzuri zote. Kitu kimoja cha pembeni kwa wanaopenda namba: mabasi yao ya umeme wa juu, trolibasi, yanaanzia namba 70 kwa sababu njia ya kwanza ya kipindi kile ilifunguliwa Desemba 1949 Stalin anatimiza miaka 70, na mpaka leo namba wameziacha.

Mchana tumekaa kwenye benchi mtoni na mjomba akaanza kuongea kuhusu jinsi yalivyoisha kwetu, na hapa naandika yake na yangu kwa pamoja.

Watu wengi nyumbani wanasema Ikarus ilikuwa mbovu. Mi sikubali na baada ya jana sikubali kabisa. Gari bovu halifanyi kazi Budapest mpaka 2022. Kilichoua kwetu ni spea. Mafuta yalipanda bei 1973 na tena 1979, katikati tukapigana vita ya Kagera 1978 mpaka 1979, nchi ikaishiwa fedha za kigeni, na basi hili kila kitu chake kinatoka nje, ukitaka ule mpira wa katikati hauupati kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Kariakoo. Nauli nayo ilikuwa imeshikiliwa chini ili mfanyakazi aimudu, ni jambo jema ila pesa ya kununua spea itoke wapi. Mjomba anasema asubuhi pale Kurasini unakuta mabasi yamepangwa na unajua kabisa hili limetoa jenereta kumpa lile, na lile limetoa mlango kumpa hili, mafundi walikuwa wana akili ya ajabu, waliweza kuchonga kipande kwa mkono mashine ikakikubali, lakini kila mwezi yanayotoka yanapungua. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria, daladala zikawa halali, na kutoka hapo kila mtu anajua hadithi.

Nikamuuliza na mwendokasi je. Mabasi marefu yalirudi Dar Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni, yana mpira katikati, na barabara ile ile ya Morogoro aliyokuwa anaendesha yeye. Akasema siku ya kwanza alipanda Ubungo akaenda mpaka mwisho akarudi, hakuwa na safari. "Mabasi mazuri. Na njia wamepewa yao peke yao, sisi tulikuwa tunagombania na mikokoteni. Wayatunze tu, wawe na stoo ya spea kabla hayajaharibika, siyo baada." Hilo la stoo amelisema kwa msisitizo na narudia kama alivyolisema.

Kinachoniuma mimi ni kwamba Budapest ukitaka kumwonesha mwanao gari alilopanda babu yake unalipata, linawaka, linakwenda. Dar mi sijawahi kuliona hata moja lililotunzwa. Siyo lazima litembee. Hata bodi tu, hata kichwa na ile sahani, likawekwa sehemu watoto wapande. Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert kuna magari ya viongozi na watu wanaenda kuyaangalia, vizuri, sasa na hili lilobeba wafanyakazi wa Dar wote asubuhi na jioni lina haki ya kivuli pia.

Jumatatu

Treni ya kurudi. Mjomba amenunua kwa wale vijana wa Jumamosi kadi ya picha ya 280 na amekataa kuiweka kwenye begi, iko mfuko wa shati.

Nimewasha simu kurekodi, nimemwambia mjomba nieleze kona moja tu, ile unayoijua kuliko zote. Hakufikiria hata. "Kutoka Msimbazi kuingia Morogoro Road pale Fire, unakata kushoto kwenda Magomeni." Naiandika alivyosema, nimepunguza tu marudio.

Unakuja na Msimbazi umetoka Kariakoo, umejaa. Usikae kushoto, ukikaa kushoto umekwisha, kaa kulia kabisa hata wakupigie honi. Unafika kwenye kona, usikate. Kumbuka wewe umekaa mbele ya tairi la mbele, kwa hiyo nenda, nenda, mpaka wewe mwenyewe uko katikati ya Morogoro Road na abiria wapya wanadhani umesahau kona. Hapo ndo unazungusha usukani, wote, kwa mikono miwili, usukani huu siyo mwepesi, unauzungusha kwa mabega. Namba mbili, klachi umeachia yote, usiendeshe kwa klachi kwenye kona. Sasa kichwa kimeshaangalia Magomeni na mkia bado uko Msimbazi, kioo cha kushoto unaona ubavu wa basi lako mwenyewe umekuja kukutazama. Macho yasitoke pale. Unatafuta tairi la nyuma na ukingo wa barabara. Utingo yuko mlango wa nne, ametoa kichwa, kama tairi linaelekea kupanda ukingo anapiga bodi mara moja, unasimama hapo hapo, wala usimuulize. Akipiga mara mbili nenda. Kuna wauza machungwa walikuwa wanakaa pale pembeni kwenye kona, wanajua, wakiona kumbakumba wanavuta matenga kwa miguu bila kunyanyuka. Ukishaona tairi la nyuma limepita machungwa unaanza kurudisha usukani, taratibu, ukiurudisha haraka mkia unapiga teke upande wa pili na kule kuna watu. Mpira ukinyooka utausikia, unatoa sauti. Hapo weka namba tatu, kanyaga, Jangwani huyo.

Tulikuwa tumeshaipita Győr wakati anamaliza na hakuna kati yetu aliyeiona. Nikamwambia mjomba nyingine basi, ya Buguruni. Akavua koti.